Antena Moja ya Bujiku

Bujiku, jirani yangu hapa Samuye, ana wake watatu, nyumba tatu na ugonjwa mmoja: haki. Akinunua khanga, ni tatu. Akichinja mbuzi, hata maini anayakata mafungu matatu mbele ya macho yetu, tumwone. Alipouza ng'ombe akaleta runinga tatu, lakini antena moja. Akaisimika katikati ya kaya, akafunga kidude cha kugawia waya, kila nyumba ikapata wake. Picha ikawa mbovu kote, tena kwa usawa, naye akaridhika.

Mbuke, mke mkubwa, amemeza mengi katika ndoa hiyo. Lakini binti yake Vumilia ni golikipa, na Jumapili ile timu yake ilicheza fainali, na mechi ilikuwa inaonyeshwa. Mama huyu hajawahi kumwona mwanaye akidaka hata mara moja.

"Baba Vumilia," alimwomba tangu asubuhi, "kitoe hicho kidude leo tu. Waya uje kwangu moja kwa moja, wenzangu waje tutazame wote."

"Nikupendelee wewe, wengine wanione vipi? Watazima runinga zao, inatosha."

Inatosha! Mtu mzima na mvi zake anadhani mawimbi ni maji, ukifunga bomba la huku yanajaa kule. Kidude kile kinagawa tu, runinga ziwake zisiwake. Nilitamani kuung'oa mlingoti ule kwa mikono yangu.

Nilikuwa nimekaa na Mbuke mechi ilipoanza. Picha ilikatikakatika hadi zikafika penalti. Mtangazaji akataja jina la Vumilia, mpigaji akarudi nyuma, akakimbia, akapiga. Picha ikaganda, mpira uko hewani. Sauti nayo ikapotea.

Mbuke akatoka mbio hadi kwa Justa, mke wa pili, nami nyuma yake.

"Mama Abel, zima! Roho mbaya gani hiyo?"

Runinga ya Justa ilikuwa imefunikwa kitambaa. Yeye na mke mdogo walikuwa wamekaa mkekani, wanasubiri.

"Tulizima kitambo, dada," Justa akasema. "Vipi, amedaka?"

Mbuke akarudi uani, wenzake nyuma yake, akamkuta Bujiku chini ya antena yake. Hapo hapo simu ya Mbuke ikaita.

"Mayu!" Vumilia alikuwa anamwita mama yake kwa kelele hata mimi nikasikia. "Mayu, umeniona?"

Mbuke akamshindilia mumewe simu mkononi.

"Mwambie mwanao ulichokiona."

Bujiku akabaki ameishika, mtoto anaita baba, baba, na wake zake wote watatu wanamtazama.