Soda Iliyoanikwa Juani

Mimi ni mwalimu wa kemia Busia, upande wa Kenya, na ukweni kwangu ni Mulanda, ng'ambo ya mpaka. Kila nikienda huko, mama mkwe hunipa soda aliyoifungua tangu asubuhi, akaifunika kwa kisahani na kuiacha juani. Ukiinywa, ni maji moto ya sukari tu.

Nilivumilia miaka mitatu. Mwezi uliopita ualimu ukanipanda kichwani. Nikaiweka chupa mezani na kutoa somo zima: sukari huyeyuka upesi kwenye maji moto, hasa ukikoroga, lakini gesi ni kinyume chake. Soda ikipata joto, gesi inatoroka, na kinachoizuia ni baridi na kifuniko.

"Kwa hiyo, mama," nikamaliza kwa upole wa darasani, "jua linaifukuza gesi yote."

Alinisikiliza bila kunitazama usoni, kama ilivyo heshima kati ya mama mkwe na mkwe wake.

"Najua, baba," akasema. "Siku ulipokuja kuposa nilikupa ya baridi. Ukabeua katikati ya sala, mbele ya wazee. Tangu siku hiyo naianika."