Salamu kwa Evelio Barraza

Nayarith Cassiani, ambaye leo pwani nzima inamwita Naya, alianza kuimba akiwa anapara magamba ya samaki, na wanawake wa mtaa wa Playa Mojarra walikuwa wakimrushia maji machafu ya ndoo ili anyamaze. Sasa wanawake haohao wanaapa kwamba walimjua kuwa ni nyota tangu mwanzo. Waongo. Aliyejua ni mmoja tu, Mama Ubaldina Torres, mama yake wa ubatizo, aliyemchukua baada ya mama mzazi kwenda Venezuela kutafuta kazi na kupotelea hukohuko. Naye hakumwambia ana kipaji. Alimwambia, "Paza sauti, wateja wasikie tuna samaki."

Kwa Ubaldina alilala kitanda kimoja na Yulisa, binti wa nyumba. Alipigwa pamoja naye na kulishwa sahani moja naye, wali wa nazi na samaki wa kukaanga, na hakuna siku aliyoambiwa kwamba yeye si wa pale.

Kule Cartagena, upande wa ziwa ambako watalii hawafiki, wimbo si wimbo mpaka upigwe na mtambo. Redio ni baadaye. Mtambo ni ukuta wa spika uliopakwa rangi kali, unabebwa kwa lori na kusimamishwa uwanjani, na mwenye mtambo ndiye anayeamua nani atakuwa nyota na nani atarudi kupara samaki. Naya aliokotwa na mtambo wa El Cascabel, mali ya bwana Argemiro Padilla, mnene, mcheshi, mwenye meno mawili ya dhahabu na kumbukumbu fupi kwa mambo yasiyomfaa. Champeta yake ya kwanza, muziki wa kucheza wa pwani ile, ilishika kuanzia bandarini hadi vijiji vya ndani. Akawa na walinzi. Akawa na mtu wa kumbebea pochi.

Ndani ya kila champeta kuna salamu. Mwimbaji anakatiza ubeti, anataja jina la mtu: dereva, mwenye bucha, hawara wa mwenye bucha. Ukitajwa katika wimbo ulioshika, umetajwa maisha, na wapo waliozikwa wakipigiwa wimbo wenye jina lao. Salamu chache ni za mapenzi, nyingi zimenunuliwa, na hakuna anayeona aibu, maana mitambo inakula kwa njia hiyo. Mwimbaji haulizi jina ni la nani. Anasomewa, analitamka, anaongeza maneno yake mawili matatu ya kumpamba mtu huyo, kazi imekwisha; mwenye mtambo ataipachika wimboni baadaye.

Kisha ikaja kampuni iliyotaka ufukwe wa ziwa kwa ajili ya hoteli. Watu wa Playa Mojarra hawakuwa na hati za ardhi, kwani ardhi yenyewe waliitengeneza wao, kwa kutupa vifusi kwenye maji ya mikoko, karai baada ya karai, miaka nenda miaka rudi. Wakili mmoja kijana aliyejitolea aliwaeleza wakamwelewa vizuri. "Mkikataa wote, watalazimika kukaa nanyi mezani. Akisaini mmoja, nyumba yake inavunjwa, kifusi chake kinachotwa, na maji yanaingia kwa jirani. Hapo jirani naye atasaini. Hamtafika mwezi." Wakaenda kanisani, wakaapa. Wote au hakuna.

Naya akawa sauti yao. Haikuwa unafiki, na hilo lisemwe waziwazi, maana baadaye yalisemwa mengi. Alipoteza tangazo la bia kwa sababu ya maandamano yale. Alipiga kelele mbele ya ofisi za jiji mpaka sauti ikamkauka siku ya onyesho, akazomewa jukwaani na watu waliolipa viingilio, akarudi kesho yake kupiga kelele tena. Alivaa fulana ya mtaa kwenye televisheni, watangazaji wakimuuliza habari za mpenzi wake, yeye akiwajibu habari za maji ya bomba.

Ila alikuwa amehama. Aliishi ghorofa ya tisa mjini, lifti na mlinzi getini. Playa Mojarra alikuja na mpiga picha, akawakumbatia wazee, akahutubia, akaondoka. Mama Ubaldina alimpigia kelele kutoka jikoni, "Kaa ule basi, we mtoto, samaki wako motoni!" Naye alikuwa ameshaingia kwenye gari. "Wiki ijayo, mama! Naapa!" Wiki ijayo ilikuwa na shughuli zake.

Wimbo wa mapambano ulipewa jina Hatutoki. Ungezinduliwa Jumapili uwanjani kwao, na Jumatatu wangekwenda kuonana na watu wa jiji wakiwa kitu kimoja. Siku ya kurekodi Naya alilia machozi ya kweli, fundi mitambo akalazimika kusubiri.

"Huu usiwekwe salamu ya mtu," alimwambia Argemiro. "Ni wimbo wa mtaa."

"Nimekusikia, malkia wangu. Ila usiondoke, nimalizie salamu za msimu. Dakika chache tu, nina watu wananisumbua."

Akabaki. Alisimama mbele ya maikrofoni, simu mkononi, akisoma watu walivyoisifu hotuba yake ya jana. Argemiro akawa anamsomea majina, yeye anatamka huku kidole kinapandisha maoni. Likaja jina la Evelio Barraza.

"Salamu kwa Evelio Barraza!" Naya akaimba, na kwa vile alikuwa na furaha akaongeza la kwake. "Ndugu yetu wa damu, rafiki wa mnyonge!"

"Safi kabisa," alisema Argemiro.

Jumapili hakubaki mtu ndani. El Cascabel ilikuwa ikiunguruma tangu asubuhi, mabati yanatetemeka, watoto wamepanda juu ya goli. Mama Ubaldina alisimama mbele kabisa, aproni kiunoni, amekunja mikono kama mtu aliyekuja kukagua kazi, lakini machozi yalimlengalenga. Naya alikuwa jukwaani pembeni ya Argemiro, maikrofoni mkononi, tayari kuwaongoza watu kuimba. Hatutoki ikaanza. Ubeti wa kwanza watu waliushika palepale. Kiitikio walikiimba kwa sauti moja, na kwa muda ule mfupi hakuna kampuni duniani ambayo ingewaondoa.

Ngoma ikashuka. Ikatoka sauti ya Naya mwenyewe, tamu, yenye kicheko ndani yake: "Salamu kwa Evelio Barraza! Ndugu yetu wa damu, rafiki wa mnyonge!"

Kila mtu pale alilijua jina lile. Lilikuwa chini ya kila notisi iliyobandikwa kwenye kila mlango wa Playa Mojarra tangu mwezi wa pili. Ndiye mtu wa kampuni wa kuhamisha watu. Akina mama walikuwa wakilitumia kutishia watoto wasiolala. Wote walilijua isipokuwa msemaji wao, ambaye katika hotuba zake zote alisema "kampuni, kampuni", kwa kuwa kwenye mlango wake wa ghorofa ya tisa hakuna aliyebandika kitu.

Naya aliona miguu imeacha kucheza. Hakuelewa. Akamgeukia Argemiro, akamuuliza, "Kwani Evelio Barraza ni nani?"

Maikrofoni ilikuwa wazi. Swali lile lilitoka kwenye spika zote za El Cascabel, likasikika hadi ng'ambo ya ziwa.

Hakuna aliyerusha chupa. Afadhali wangerusha. Mwanamke mmoja alicheka, kicheko kikavu. Milciades, fundi wa nyavu, mtu mpole asiyemsema mtu vibaya, alivaa kofia yake.

"Kumbe huko juu wameshamalizana," alimwambia mkewe, "sisi ndio hatujaambiwa."

"Si kweli!" Naya alipiga kelele. "Milciades, si kweli, sikilizeni! Sikumjua huyo mtu!"

"Ndiyo hivyo," alisema Milciades bila hasira. "Tumesikia kwamba humjui."

Nyuma ya lori Naya alimkaba Argemiro shati. "Nilikwambia usiweke! Nilikwambia!"

"Uliniambia, nikasikia. Lakini mwenye salamu ndiye anachagua wimbo, binti, si umekulia humu? Mtu alitaka wimbo utakaopigwa zaidi msimu huu. Mimi nifanyeje?"

"Ulijua ni nani!"

"Nilijua ni mteja." Akajitoa mikononi mwake, akanyoosha kola. "Na yale ya ndugu wa damu, rafiki wa mnyonge, mimi sikukuandikia. Ulijitungia mwenyewe. Mazuri sana, kwa kweli."



Milciades alisaini Jumatatu asubuhi, kabla hata watu wa jiji hawajafungua ofisi. Hakuwa msaliti. Alifanya hesabu ya mtu mwenye watoto: kama mkubwa wao amepatana na kampuni, anayechelewa ndiye atakayekosa. Nyumba yake ikavunjwa, kifusi kikachotwa, maji yakaingia kwa jirani, jirani akasaini. Yakaenda hivyo hivyo, nyumba kwa nyumba, kama wakili alivyosema.

Naya naye alijirekodi akieleza ukweli wote, amekaa sebuleni kwake, analia, mwanga mzuri usoni. Ukweli wote, hakuficha neno. Nchi nzima ikamwonea huruma. Waandishi wakamsifu kwa ujasiri, tamasha moja la Bogotá likamwalika azungumze juu ya wasanii na haki za wanyonge, na wafuasi wake wakaongezeka maradufu. Hatutoki ikapigwa kila mahali, na salamu ikiwa palepale, kwa sababu mitambo haifuti kitu watu walichozoea kukiimba. Playa Mojarra ile video waliiona pia. Wengine waliitazama wakiwa wanafunga virago.

Mama Ubaldina alikuwa wa mwisho. Siku lori lake lilipokuja maji yalikuwa yameshafika kizingitini. Naya alikuja peke yake safari hii, bila mpiga picha, kwa pikipiki ya kukodi, amevaa kaptula ya zamani tayari kwa kubeba. Alivua viatu, akakanyaga maji, akashika upande mmoja wa kabati ambalo Yulisa alikuwa akihangaika nalo.

"Acha, dada, utaumia mikono," alisema Yulisa. Akamwita mwanamume aliyekuwa juu ya lori, wakalibeba wawili.

Ubaldina alikuwa ameketi mlangoni akifunga sufuria kwenye shuka. Naya akachutama mbele yake.

"Mama, nakuapia, sikujua jina lake."

"Najua hukujua."

"Argemiro alinizunguka. Laiti ningejua, ningekata ulimi wangu kabla—"

"Ilikuwa hapa." Ubaldina alionyesha mlango kwa kidevu. Gundi ya notisi ilikuwa bado imeacha alama ya mraba. "Ungekuja kula siku moja tu ungeisoma. Huwezi kuingia ndani humu bila kuisoma."

Naya akaanza kulia, kilio kibaya cha makamasi, si kile cha kwenye video. Aliweka kichwa kwenye magoti ya mama yule kama alivyofanya utotoni akichapwa, akangoja mkono umguse. Ubaldina alimaliza kwanza fundo la shuka. Halafu akamsogeza taratibu, kwa adabu, jinsi mtu anavyomsogeza mteja aliyesimama njiani, akainuka.

"Yulisa!" aliita. "Teremsha kiti kimoja kutoka kwenye lori. Kipanguse kwanza. Usimwache mgeni kwenye maji."

Kikaletwa kiti cha plastiki, kimepanguswa. Wote wakasimama wakimngoja. Naya akakaa.