Kamba ya Ng'ombe Lazima Irudi

Baba alikuwa amepanda chai mpaka karibu na mlango wa jikoni, na ng'ombe wetu wa mwisho hakuwa na malisho. Ikaamuliwa apelekwe akae kwa rafiki yake Baba, ng'ambo ya bonde upande wa Kipkelion, kama watu wetu walivyozoea kufugiana. Ilikuwa miaka ya tisini, nimemaliza shule, niko nyumbani nachuma majani na kununa. Mama akaniambia niandamane na Baba. Nikauliza, kwani mzee mzima na ng'ombe mmoja wanahitaji askari? Alisema tu kwamba ng'ombe tukimwacha, kamba turudi nayo.

Hilo nililijua. Kwetu ng'ombe anaenda, kamba inarudi nyumbani. Lakini Mama alilirudia mara tatu, mpaka nikaona ananitafutia ugomvi asubuhi asubuhi.

Tulitoka kukipambazuka. Njia ya mkato inafuata ukingo wa bonde kwa saa nzima, upana wake hatua moja. Upande huu ni ukuta wa mawe, upande ule hakuna kitu, ni hewa tu, na chini kabisa unaona reli. Ng'ombe alitangulia, maana ndiyo njia aliyozoea kwenda kulamba chumvi. Baba akamfuata ameshika mkia. Nami nyuma yao nacheka kimoyomoyo, eti mzee anavutwa na ng'ombe. Kile kicheko kinaniaibisha hadi leo.

Rafiki yake alitupokea vizuri, akatuwekea maziwa lala. Baba akanyoosha mkono kuchukua kikombe, akashika hewa kando yake. Rafiki akakisogeza mpaka kwenye vidole vyake. Niliona, nikadhani ni uchovu. Nikafungua kamba shingoni mwa ng'ombe, nikajifunga kiunoni, tukaaga.

Mvua ilikuwa imepita na udongo unateleza. Baba alitangulia, kwa sababu kwake yeye mwanamume hatembei nyuma ya binti yake. Tulipofika ukingoni akapunguza mwendo. Fimbo yake ikagusa jiwe, ikagusa jiwe tena, halafu haikugusa kitu. Naye akainua mguu kuifuata.

Nilimrukia nikamshika koti kwa mikono miwili. Tukaanguka wote makalio chini kwenye matope, miguu yake ikining'inia upande wa bonde. Mawe madogo yalishuka. Sikusikia yakifika.

"Niache," akasema. "Hii njia nimeitembea kabla hujazaliwa."

"Baba, reli iko upande gani?"

Akaonyesha kwa kidole. Alionyesha ukuta.

Kumbe alikuwa haoni. Papo hapo hasira ikanipanda, kwamba angekufa mbele yangu kwa sababu ya kiburi tu. Nilitaka kumfokea. Lakini baba yangu namjua: mkono wa binti yake asingeushika hata akikata roho. Jua lilikuwa limeanza kushuka, na karibu ukingo wote ulikuwa bado mbele yetu.

Ndipo nikaikumbuka kamba kiunoni. Nikalegeza ncha moja, nikamwekea kiganjani. Nikamwambia ni ndefu mno, anishikie mwisho isiburutwe matopeni. Akaipapasa polepole, fundo kwa fundo.

"Kamba ya ng'ombe haiburutwi," akasema mwishowe, akaizungusha mkononi mara mbili.

Nikatangulia. Sikugeuka hata mara moja. Kamba ikilegea, moyo unanipasuka. Ikikaza, nashukuru Mungu. Nikawa nasema kwa sauti, kama mtu anayejisemea, hapa kuna jiwe, hapa panateleza, hapa njia imemeguka. Nyuma yangu nasikia pumzi zake tu.

Karibu na lango letu kamba ikalegea kabisa. Nikageuka haraka. Ameiachilia, anajipangusa koti, ananyoosha mgongo. Akanipita, mkono wake ukipapasa mimea ya chai kando ya njia, akaenda moja kwa moja mpaka mlangoni.

Mama alikuwa jikoni. Nikamtupia kamba miguuni, bado nimekasirika, nikamwambia hiyo hapo kamba yako. Aliiokota, akaikunja taratibu, akatazama mlangoni kuhakikisha Baba hasikii.

"Alikubali kuishika?" akaniuliza.