Sauti ya Mama Ndani ya Chipu

Mdogo wangu anachanganya rangi. Ndiyo kazi yake, katika duka la vifaa vya ujenzi. Mteja anakuja na kipande cha pazia au kigae kilichovunjika, anasema anataka ukuta wake ufanane na hicho, naye anabonyeza mashine, mashine inadondosha matone ndani ya kopo, kopo linafungwa, linatikiswa, basi. Jioni anarudi nyumbani na vidole vyenye rangi ya sebule ya mtu mwingine. Nikimwambia hivyo ananuna, anasema kila kitu mimi nakifanya mzaha. Ni kweli. Nyumbani kwetu asiyejua kucheka angeshapata wazimu zamani.

Mashine hiyohiyo ya rangi ndiyo iliyomchukua akili. Siku moja iliganda katikati ya kazi, akaja fundi kutoka kampuni iliyoiuza, akachomeka kebo ubavuni mwake, na kwenye kompyuta ya fundi zikaanza kumiminika safu za namba na herufi. "Haya ndiyo inayoyawaza," fundi akamwambia. Mdogo wangu akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Tangu hapo hakutaka kusikia habari za programu wanazojifunza vijana wengine, za kupamba kurasa na picha zinazocheza. Alitaka kushuka chini kabisa, kule ambako programu inaongea na chuma chenyewe, na chipu iliyo ubongo wa mashine, na kila kitu ni sifuri na moja. Tukambandika jina la Sifuri, na mtaa mzima ukalidaka. Mama peke yake ndiye aliyeendelea kumwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitindamimba wake.

Shule yake ilikuwa jukwaa moja la mtandaoni, watu wa nchi mbalimbali wanaoulizana na kujibizana kwa Kiingereza kikavu. Hajawahi kumwona hata mmoja wao. Aliyemsaidia zaidi alikuwa mtu mwenye picha ya bundi mahali pa sura, kwa hiyo hapa nyumbani tulimwita Bundi, na ikafika mahali nikawa namuulizia hali yake kama shemeji. Bundi alikuwa anajua kila kitu, na hakuwa na subira hata chembe. Mwanzoni Sifuri aliandika swali refu, akaanza na salamu, akaeleza kazi yake ya rangi, akasimulia yule fundi na kebo yake, ndipo mwishoni akauliza. Bundi akamjibu: "Hapa hatusomi hadithi. Sema chipu ni ya aina gani, umefanya nini, imejibu nini. Halafu uliza."

Alijifunza. Alijikaza kisabuni, akawa anaandika swali, anakata, anaandika tena, anakata tena, mpaka linabaki mifupa mitupu. Meza yake ilikuwa kwenye chumba kidogo tulichokuwa tunakifanya stoo, nyuma ya ubao wangu wa kupigia pasi, kwa hiyo nikinyoosha nguo nilikuwa namwona akinung'unika na kufuta. Mwaka mzima uliisha akiiandikia chipu amri za kuwasha na kuzima taa ndogo isiyoweza kumulika hata kidole. "Umeme wa nyumba unao, Sifuri, na swichi ipo ukutani," nilimwambia. Lakini siku Bundi alipomwandikia maneno mawili tu, "Swali zuri," alinifuata jikoni na kompyuta mkononi kunionyesha. Nilimcheka, na moyoni nilifurahi.

Sasa nieleze habari za Mama. Mama alikuwa mpokea simu wa hospitali. Sauti ndiyo iliyomlisha yeye na sisi. Ilikuwa sauti nene, tulivu, na mtu aliyepiga simu akiwa amechanganyikiwa aliposikia "Subiri kidogo kwenye laini, nakuunganisha," alitulia kama mtoto aliyepakatwa. Nyumbani sauti hiyohiyo ilikuwa inavuka kuta. Ungekuwa umejificha nyumba ya tatu ungeisikia tu. Kisha ugonjwa ukamshika kooni. Madaktari hawakumficha. Kuishi ataishi, walisema, ila koromeo litatolewa, atapumua kwa tundu la shingoni, na kusema ndiyo basi.

Kabla ya upasuaji, fundi mitambo wa hospitali, rafiki yake wa miaka mingi, alimkalisha kwenye karakana yake akamrekodi. Akamtengenezea kisanduku kidogo cha plastiki chenye spika na vitufe vya rangi rangi. Ukibonyeza cheupe, Mama anauliza, "Umekula?" Chekundu, "Acheni kelele!" Cha buluu kilikuwa cha utani wa kazini kwake, "Subiri kidogo kwenye laini," naye alikuwa anakibonyeza kila akinipa simu nimsaidie kuongea, na mabega yake yanatikisika kwa kicheko kisichotoka. Cha kijani kilikuwa kinaniita mimi. Cha njano kilikuwa kinamwita Sifuri. "We Kitinda!"

Kwa miezi mingi tuliishi hivyo, na niseme kweli, tulizoea. Mama alikuwa anagombana na sisi kwa vitufe. Akikasirika sana anabonyeza chekundu mfululizo, "Acheni, acheni, acheni kelele!" mpaka na yeye anacheka.

Halafu kisanduku kikaanza kuganda. Unabonyeza, kimya, mpaka utoe betri na kuirudisha. Siku moja Mama aliteleza bafuni, akabonyeza cha kijani kuniita, kisanduku kikagoma, akakaa sakafuni mpaka nilipopita kwa bahati tu. Kesho yake alikwenda mwenyewe stoo, akakiweka kisanduku mbele ya Sifuri, kwa mikono miwili, akampigapiga begani. Tena na tena nimeukumbuka mkono ule. Katika nyumba hii hakuna aliyewahi kumpa Sifuri kazi ya ule ujuzi wake, na wa kwanza alikuwa Mama.

Sifuri hakukurupuka. Hilo nitalitetea popote. Jumapili mchana, mimi napiga pasi, yeye alifungua kisanduku kwa bisibisi ndogo, akachomeka kebo, akasema, "Dada, kabla sijagusa kitu natoa nakala ya kila kilichomo. Nikiharibu, narudisha."

"Hapo umeongea kama mtu mzima," nikasema.

Akajaribu kusoma. Chipu iliyobeba sauti ikakataa. Yule fundi mitambo alikuwa ameifunga, kama wanavyofunga wengi, ili mtu asinakili kazi yake. Sifuri akaenda jukwaani. Akaandika swali, akalikata, akalikata tena. Nilisimama nyuma yake na pasi mkononi nikaliona. Lilikuwa swali safi, kama alivyofundishwa. Chipu ni aina fulani. Imefungwa, haisomeki. Naifunguaje? Hakuandika salamu wala hadithi.

Bundi alikuwa macho. Jibu lilikuja kabla sijamaliza shati. Lilikuwa mstari mmoja wa amri, bila neno lingine. Sifuri akauandika, akaukagua herufi kwa herufi, akabonyeza. Kompyuta ikajibu kwamba imefanikiwa, naye akapiga meza kwa furaha. "Imefunguka!"

Kisha akasoma kilichomo. Zikashuka herufi F. Mstari wa kwanza F tupu, wa pili F tupu, akashuka chini na chini, F tu, F tu. Akachomoa kebo akaifuta kwa shati, akachomeka. F. Akabadilisha kebo. F. Mimi sijui mambo yao, lakini nilimwona shingo ikiloa jasho, nikaweka pasi chini.

Akaandika jukwaani: "Imefunguka lakini nasoma F kila mahali. Kosa liko wapi?"

Bundi akajibu: "Hakuna kosa. F maana yake hamna kitu. Chipu hiyo ukiifungua inajifuta kwanza, ndivyo ilivyoundwa, ili mwizi asipate kitu. Ulikuwa na kitu ndani?"

Sifuri aliandika, "Sauti ya mama yangu," na hapo, mwaka mzima baada ya kukatazwa, akaandika hadithi yote.

Walimjibu wengi, watu ambao hawakuwahi kumtupia hata neno. Mmoja alipendekeza hili, mwingine lile, mwingine akaeleza kwa upole kwa nini hili na lile havitawezekana. Bundi aliandika ukurasa mzima. Alisema kwamba aliulizwa namna ya kufungua, akajibu namna ya kufungua, na kwamba alipaswa kuuliza kwanza ni ya nini. Alisema yeye pia ana mama. Nilitaka kumchukia Bundi, ningepata pa kuweka hasira yangu, lakini nilisoma ukurasa ule nikakosa hata hilo.

Nilimwambia Mama mimi, kwa sababu Sifuri alifungua mdomo akashindwa. Mama alikichukua kisanduku akabonyeza cheupe. Akabonyeza chekundu, cha buluu, cha kijani, cha njano, taratibu, kila kimoja akikipa nafasi ya kujibu. Kisha akakiweka mezani, akakigeuza kikatazama ukuta, akaenda kulala. Ilikuwa bado mchana.

Tulihangaika. Fundi mitambo alishastaafu na kuhama, na tulipompata kwa simu alisema kompyuta ya karakana ilitupwa siku nyingi. Mama hakuwahi kutuma ujumbe wa sauti maishani mwake. Alikuwa anasema ameongea na simu kutwa nzima kazini, akifika nyumbani hataki. Ndugu wengine wakasema labda shangazi ana video ya harusi. Shangazi alikuwa nayo kweli, Mama yumo, anacheza, na muziki umefunika kila kitu. Siku moja Sifuri alikumbuka kwamba zamani ukipiga simu ya hospitali na laini zikiwa na watu, unasikia sauti ya Mama ikikuomba usubiri. Tukapiga. Tukasubiri kama watoto wezi. Ikaja sauti ya msichana, nzuri kabisa, akatuomba tusubiri. Sifuri aliendelea kushika simu mpaka ikakatika yenyewe.

Kilichobaki ni kukijenga upya. Bundi alikaa naye siku baada ya siku, mstari kwa mstari, wala hakumkaripia tena, na nadhani hilo lilimuuma Sifuri kuliko kukaripiwa. Ukweli usemwe, alichotengeneza ni kizuri kuliko cha mwanzo. Hakigandi. Betri inadumu. Ana haki ya kujivuna nacho, naye hata kukitazama hataki.

Sauti ingekuwa yangu. Zamani watu wakipiga simu nyumbani walikuwa wananiamkia wakidhani ni Mama, kwa hiyo sikuona ugumu. Nikakaa stoo, Sifuri akanishikia kipaza sauti, nikasema "Umekula?" nikasema "Acheni kelele!" na hata ile ya kwenye laini, yote bila shida. Mama alikuwa sebuleni anasikia. Tukafika kwenye cha njano.

"Niite kama Mama alivyokuwa ananiita," Sifuri akasema.

"We Kitinda!"

"Hapana, Dada. Alikuwa anavuta."

"We Kitindaaa!"

"Siyo huko mwisho. Katikati. Au... subiri." Akafumba macho. "Kwani alikuwa anaanza juu au chini?"

Nikajaribu juu. Nikajaribu chini. Kila nilivyorudia ndivyo ilivyozidi kupotea, na sauti niliyoisikia tangu nizaliwe, iliyoniamsha kila asubuhi na kunigombeza kila jioni, ikawa haimo kichwani. Tukaanza kubishana, kwa sauti za juu, wawili tusiojua kitu.

Mama akatokea mlangoni. Alikuwa anatikisa kichwa, si kwa hasira, kama mtu anayesikiliza watoto wakikosea hesabu rahisi. Alitusogelea, akaweka mkono mmoja kwenye shavu la Sifuri, akamgeuza amtazame. Akanyanyua kidevu. Akafungua mdomo kutuonyesha.

Midomo ilitengeneza jina lote, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kilichotoka kilikuwa pumzi, hafifu, kutoka kwenye tundu la shingoni. Alidhani hatujashika, akarudia polepole zaidi. Akanitazama mimi, nimuige. Sikuweza. Akarudia tena, akimwita mwanawe mbele ya macho yake, nasi tumekaa tunamtazama midomo.

Sifuri hakuwa amezima kipaza sauti.

Leo kisanduku kiko shingoni kwa Mama, kwenye kamba. Vitufe vyote isipokuwa kimoja vinaongea kwa sauti yangu, naye anavitumia pale tu inapobidi. Mdogo wangu alikataa niwekwe kwenye cha njano, akaweka ile pumzi ya Mama iliyonaswa siku ile. Ukiwa jikoni huisikii. Ukiwa mlangoni huisikii. Kwa hiyo akitoka dukani, na rangi zake vidoleni, anakaa sakafuni karibu na kiti cha Mama, sikio likielekea kisanduku, na kompyuta yake imefungwa.