Moshi Kwenye Njia ya Mwanga

Wakoli alikuwa fundi wa mtandao, lakini majirani zake wa Matisi, hapo Kitale, walimwita mtu wa tochi, wala hakuwakasirikia. Kazi yake ilikuwa kufunga vyombo viwili vinavyotazamana, kimoja juu ya ghorofa hii na kingine juu ya ghorofa ile, na katikati yao ukapita mwanga mwembamba usioonekana kwa macho, umebeba mtandao wa kasi ya ajabu. Hakuna kuchimba barabara, hakuna waya wa kuibwa. Sharti ni moja tu: vyombo vionane. Ukungu wa asubuhi ulipoziba mji, wateja walimpigia simu wakifoka, naye akawajibu kwa utulivu, "Ngojeni jua." Ni rahisi sana kumwambia mtu mwingine angoje.

Mama yake, Roselyne, alipofariki kijijini, mbele kidogo ya Lugulu, dada yake wa pekee, Nanyama, alikuwa Uarabuni akifanya kazi za nyumba. Mwajiri wake alikuwa amemfungia pasipoti kabatini. Nanyama alilia kwenye simu mpaka sauti ikamkauka.

"Wakoli, mimi sitaki pole. Nataka nione mama akiingia chini. Nisipoona, sitaamini."

Wakoli akaahidi. Mafundi wana ugonjwa huo wa kuahidi.

Kijijini kule simu hushika kwa kubahatisha; sauti itapita, picha itaganda. Lakini shule ya ng'ambo ya bonde ilikuwa na mtandao wa waya. Wakoli akamwendea mkubwa wake wa kazini, Ngige, kumwomba vyombo viwili vya akiba, na Ngige, ambaye hugomba hata kwa skrubu moja iliyopotea, akampa bila neno. Kimoja alikifunga juu ya tangi la shule, kingine kwenye nguzo nyuma ya uwanja wa nyumbani. Alikata matawi ya mikaratusi yaliyokuwa njiani. Alifikiria mvua, akafikiria ndege, akafikiria hata ng'ombe atakayekuja kujikuna, akaizungushia nguzo miiba. Alipojaribu, Nanyama alitokea kwenye kompyuta waziwazi kama yuko jikoni.

"Woi, kumbe kuku wa mama bado wako!" alisema, akacheka na kulia kwa pamoja.

Kesho yake mwili ukaletwa, na moto ukawashwa. Kwao mwili ukishafika bomani, wanaume huwasha magogo uwanjani, na moto huo hauzimwi mpaka marehemu azikwe. Wakoli aliyajua hayo tangu utotoni. Aliyajua, akayasahau, kwa sababu miaka yake yote ya Kitale ilimfundisha kuogopa ukungu. Mwanga wake ulipita juu ya moto ule ule, na kuhamisha nguzo na kuvilenga vyombo upya ni kazi ya nusu siku. Akabaki kumwomba Mungu upepo.

Mungu alimpa upepo wakati wa nyimbo, na wakati wa hotuba, ambazo zilikuwa ndefu kupita kiasi. Nanyama aliona kila kitu. Kisha jeneza likainuliwa, vijana wakatupa gogo bichi motoni, na upepo wa Mlima Elgon ukageuka. Moshi mweupe, mzito, ukalala juu ya uwanja. Picha ikafa.

Wakoli alimkimbilia Mzee Mukhisa, kaka ya marehemu baba yake.

"Baba, tuzime kidogo tu. Nanyama haoni."

"Moto wa mama yako tuzime? Na ni wewe unasema hivyo?" Macho ya mzee yalikuwa mekundu. "Hata mimi nataka aone, mtoto wangu. Lakini huo siwezi kugusa."

"Basi tungoje moshi upungue."

"Angalia mvua hiyo inakuja. Kaburi ijae maji?"

Ndoo ya maji ilikuwa karibu na mguu wa Wakoli. Aliitazama, na mkono haukwenda. Aliona uchungu, akajiona mjinga, na jeneza likazidi kusogea.

Simu ikalia.

"Picha imepotea. Wamefika wapi?"

"Ni moshi, Nanyama."

"Moshi gani?"

"Wa moto wa mama."

"Basi wasizime," alisema. "Si ni wake. Weka simu karibu nisikie."

Wakoli akainama na kuishika simu juu ya kaburi. Udongo ukaanza kuanguka juu ya mbao, akina mama wakapaza sauti, kisha simu nayo ikakatika.

Udongo ulipokwisha, Mzee Mukhisa akayatawanya magogo. Moshi ukakonda, na kompyuta ikarudi yenyewe, picha safi ya kuwaringia wateja. Nanyama alikuwa amekaa sakafuni na aproni yake ya kazi, na kila chozi lilionekana.

"Zungusha kamera."

Wakoli akaizungusha. Kulikuwa na tuta la udongo mwekundu na msalaba wa mbao, na kuku wa mama walikuwa wameshaanza kuparua pembeni.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu."

Hakumwambia angoje. Hakukuwa na la kungojea tena.

"Wakoli," alisema Nanyama, "sasa nitaamini aje?"