Baiskeli ya Nyantende Inayopanda Taksi

Saa kumi na mbili asubuhi, juu ya mteremko wa Nyantende, Zagabe ameketi kwenye baiskeli aliyoikata vipande viwili kwa msumeno wake mwenyewe. Nyuma amefungiwa gunia la kabichi. Nusu ya kijiji imeamka kumtazama, na wanawake wawili wanabishana kama atafika chini na meno yote.

Zagabe, 41, huchomelea milango na madirisha huko Nyalukemba, Bukavu. Kwenye mambo ya baiskeli aliingizwa na Séraphine, mama wa watoto watatu anayekaa Nyantende na kuuza mboga nyumba kwa nyumba huko chini mjini, mtaa wa Nguba.

Asubuhi Séraphine hushuka bila taabu. Jioni ndiyo kazi: anaisukuma baiskeli mlimani saa mbili nzima, anafika watoto wamelala. Taksi zinapanda, ila hakuna dereva anayekubali baiskeli nzima ndani ya gari.

"Nikamwambia, maman, basi tuikate," anasema Zagabe akicheka. "Akaniangalia sawa vile mwizi."

Séraphine hakukosea. Baiskeli hiyo ameachiwa na baba yake, na hana nyingine. Ikivunjika mteremkoni, biashara imekwisha, na huenda na mwenyewe.

Baada ya wiki nzima ya kubembelezwa, akakubali. Fundi akakata mabomba mawili ya katikati, akapenyeza ndani ya kila moja kipande cha bomba jembamba zaidi, akakaza kwa bolti. Siku ya kuonyesha akaita majirani, akafungua bolti kwa madaha, akavuta. Nusu mbili zikaachana, halafu zikagoma. Alikuwa amesahau waya wa breki ya nyuma, na sasa nusu moja inaiburuta nyingine kama mbuzi na kamba yake. Mtaa ulicheka hadi mkewe, Bijou, akajifungia ndani.

Waya nao akautia kiungo cha kufunguka. Lakini Séraphine alikuwa ameshaona ya kutosha.

"Papa Zagabe, niko na batoto batatu," alimwambia. "Weye njo utashuka nayo ya kwanza, na muzigo yote nyuma."

Ndiyo maana leo fundi wa madirisha yuko huku juu. Anavuta pumzi, anaachia breki.

Kona ya kwanza anapiga kelele. Ya pili anaimba. Huko chini anafunga breki mbele ya Bijou, anayejifanya amekuja kununua mkaa. Séraphine anashuka kwenye taksi iliyokuwa inamfuata, hamwangalii Zagabe hata kidogo. Anapapasa bolti moja moja kwa kidole. Zote zimekaza.

Wauza mboga wengine wanne wa Nyantende tayari wameuliza. Zagabe anataka awakatie wote, na nusu ziwe nyepesi za kupakatwa mapajani.

Jioni simu yake inaita. Ni Séraphine, amefika kwake kwa taksi, baiskeli ndani ya gunia. Nyuma yake kuna zogo la watoto.

"Unabasikia?" anamwuliza. "Habayalala bado."