Nduma Zenye Njaa Katikati ya Shibe

Mimi na shule tuliagana darasa la nne, na bado hakuna mtu hapa Elburgon amewahi kung'oa nduma kubwa kama zangu. Kinamasi hiki watu walikiachia vyura. Nikachimba mfereji kutoka mtoni kwa mikono hii, nikapanda miche aliyoniachia mama kabla hajafa. Mbegu hiyo haipatikani kwingine. Nimetafuta hadi Mau Narok.

Mwaka huu majani yakaanza kugeuka manjano. Nikajua ni njaa, nikamwaga samadi. Manjano ikazidi, nikaongeza nyingine, mbichi kutoka zizini. Matope yakaanza kutoa mapovu. Nikamwita mke wangu.

"Unaona? Udongo unapumua."

"Unanuka mayai viza," akasema. "Baba watoto, siku utapumua hivyo nitahamia jikoni."

Mwishowe nikamleta afisa wa kilimo, msichana wa rika la binti yangu. Alivuta mche mmoja ukatoka bila ubishi, mizizi myeusi, imelegea kama ndizi iliyooza.

"Mzee, huko juu ya mto kuna nini?"

"Kichinjio. Ni kipya."

"Basi uchafu wake unaingia na mfereji wako. Bakteria wanaula, wanazaana, wanamaliza hewa yote majini. Mzizi ukikosa hewa hauwezi kula, hata ukiandaliwa meza. Na katika hayo mapovu, chakula cha nduma kinageuzwa hewa, kinapaa zake. Samadi yako imekuwa karamu yao."

"Sasa niongeze nini?"

"Hakuna cha kuongeza. Ziba mfereji, matope yakauke yapate hewa."

"Nduma bila maji?"

Alitazama viatu vyake. "Okoa miche unayoweza."

Nikaingia hadi magotini, mimi niliyezoea kuonyesha wageni kinamasi hiki kama ng'ombe wa maziwa, nikawa napapasa kila shina. Laini. Laini. Ukingoni kabisa, mbali na mfereji, nikapata michache migumu. Nikaiosha, nikaiweka kwenye karai la maji ya mvua. Halafu nikauziba mfereji kwa jembe lile lile lililouchimba.

Mke wangu hacheki tena. Hubadilisha maji ya karai bila kuambiwa. Mimi kila asubuhi, kabla sijasalimia mtu, nainama nanusa, kisha nabonyeza mche mmoja mmoja kwa kidole. Jana mmoja ulibonyea.